Sampuli Namba Nne: Pale Maabara Nyingi Zilipokosea kwa Pamoja

Kilikuwa kichupa kidogo cha plastiki chenye nusu mililita ya seramu, yale majimaji ya damu yanayobaki baada ya kuganda, rangi ya asali nyepesi, ubavuni kimeandikwa 4 kwa wino usiofutika. Vichupa kama hicho vilitumwa siku moja kwa maabara zote zilizojiandikisha kwenye mpango wetu wa kupima ubora wa vipimo vya ulinganifu wa tishu. Swali lilikuwa moja: seramu hii ina kingamwili dhidi ya antijeni zipi za HLA, yaani zile alama za juu ya seli zinazomtofautisha mtu na mtu? Majibu yaliporudi, maabara zaidi ya nne katika kila tano zilisema kingamwili dhidi ya A2, moja ya antijeni hizo, haimo. Chache zilisema imo, tena ndiyo kali kuliko zote.

Kwa kanuni yetu ya kusahihisha, jibu lililotolewa na asilimia 80 au zaidi ya washiriki ndilo jibu sahihi. Kwa hiyo zile chache zilikuwa zimefeli.

Nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopaswa kuyapitisha matokeo hayo, na maabara yangu mwenyewe ilikuwa upande wa wengi. Kisa hiki nawasimulia wenzangu wa maabara wanaofikiria kujitolea kwenye kamati za taaluma, kwa sababu kiligusa karibu kila jambo ambalo hakuna anayekuambia wakati unajaza fomu ya kuomba nafasi. Namba ya sampuli na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili maabara yoyote isitambulike. Mwenendo wa jambo ni ule ule.

Kazi yenyewe

Taaluma yetu ni ndogo. Tunapima kama figo au uboho wa mtu mmoja unaweza kukaa kwa mwingine. Na kwa kuwa vinasaba ndivyo tunavyovishika kutwa, wengi wetu tunafanya pia vipimo vya utambulisho: nani mzazi wa nani, au damu inayozunguka mwilini mwa mgonjwa aliyepandikizwa uboho ni yake au ya mtoaji. Vyama vyetu, kama ASHI ya Marekani iliyoanza 1974 na EFI ya Ulaya iliyoanza 1985, vimebebwa na watu wanaojitolea. Anayekuja kukagua maabara yako ni mtaalamu mwenzako aliyeomba ruhusa kazini kwake. Anayeandika viwango ni hivyo hivyo, na anayechagua sampuli za majaribio na kusoma majibu yake pia.

Wengi hudhani kukaa kwenye kamati ni heshima ya kuandika kwenye wasifu wa kazi. Heshima ipo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kusoma. Kabla ya kila kikao unapewa mgao wako wa majibu, unayapitia usiku baada ya kazi yako ya mchana, unaandika maoni, kisha mnakutana kwa mtandao saa ambayo kwa mmoja wenu ni alfajiri na kwa mwingine ni usiku wa manane. Mimi niliomba mgao wa kingamwili kwa sababu nilitaka kuona wengine wanasomaje kile ninachosoma kila siku. Ukikaa kwenye maabara moja miaka mingi, unaanza kuamini kwamba namna yenu ya kuona ndiyo namna ya kuona.

Siku ya kujiunga nilitia saini karatasi mbili. Moja ya usiri: nitakachokiona kwenye majibu ya maabara nyingine hakitoki nje ya kamati. Ya pili ya mgongano wa maslahi: jambo likigusa maabara yangu nitasema, na nitakaa pembeni. Nilizisaini haraka, kama mtu anavyosaini fomu ya kupokea mzigo. Zote mbili zilikuja kunidai.

Kilichokuwa kwenye data ghafi

Tuanze na A2 yenyewe. HLA ni protini zinazokaa juu ya karibu kila seli ya mwili yenye kiini, na jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Ndizo zinazouambia mfumo wa kinga kwamba huyu ni mwenyeji na yule ni mgeni. Aina zake ni nyingi mno. Orodha ya kimataifa ya aleli za HLA leo imepita 40,000. Lakini mwanzo kabisa ilikuwapo moja. Mwaka 1958 Jean Dausset, daktari wa Ufaransa, alieleza antijeni ya chembe nyeupe za damu aliyoiita Mac, ambayo baadaye ilipewa jina la A2. Mwaka huo huo Rose Payne huko Marekani na Jon van Rood huko Uholanzi walionyesha kwamba wanawake waliowahi kubeba mimba huwa na kingamwili za namna hii, kwa sababu mama hukutana na antijeni ambazo mtoto amezirithi kwa baba. Dausset alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Antijeni iliyotuponyoka, kwa hiyo, ndiyo tuliyoijua kabla ya nyingine zote, tena inabebwa na watu wengi sana duniani.

Seramu namba nne ilitoka kwa mama aliyezaa mara kadhaa. Hilo tu ndilo tulilojua juu yake.

Maabara nyingi hutafuta kingamwili kwa kipimo cha shanga. Ni shanga ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona, kila kundi limepakwa antijeni moja tu. Unazichanganya na seramu. Kingamwili ikiwemo, inang'ang'ania ushanga wake. Unaosha, unaongeza kingamwili ya pili iliyofungwa rangi inayong'aa, mashine inasoma mng'ao wa kila ushanga. Mng'ao ukiwa mkubwa, kingamwili ni nyingi. Ndivyo tulivyofundishwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Isipokuwa pale kingamwili inapozidi. Ikijazana juu ya ushanga, huita protini za komplimenti zilizomo ndani ya seramu ile ile, ya kwanza ikiwa C1, kama ambavyo ingeziita mwilini. Protini hizo hujirundika juu ya kingamwili na kuifunika, na ile kingamwili ya pili yenye rangi inakosa pa kukaa. Mashine inasoma giza. Kingamwili kali kuliko zote inaonekana kana kwamba haipo. Hiyo ndiyo athari ya prozoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 imeelezwa vizuri kwenye majarida ya upandikizaji, pamoja na dawa yake: unatia EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu inayoishikilia C1, rundo linavunjika. Au unaizimua seramu mara kumi, yaani unaipunguza ukali. Au unaipasha joto la nyuzi 56 kwa nusu saa. Nasisitiza kwamba si elimu ya siri, maana hilo lina uzito hapo mbele.

Usiku ule nilifungua faili ya maabara moja kati ya zile nyingi, jina halipo, namba ya siri tu. Mng'ao wa A68 ulikuwa kama 11,000. A69, zaidi ya 12,000. B57 na B58, karibu 8,000 kila mmoja. A2, 640. Nikaipita. Nikafungua ya pili, sura ile ile. Nilipofika ya tatu ndipo nikaweka kalamu chini.

A2 ina kipande cha umbo inachochangia na A68 na A69, na kipande kingine inachochangia na B57 na B58. Ndugu hao wanne wote walikuwa wanang'aa. Kingamwili zinazoshika kipande cha kwanza na zinazoshika kipande cha pili haziwezi kumruka yule mmoja mwenye vipande vyote viwili. Ilikuwa kama harusi ambayo ukoo mzima wa bwana harusi umefika na viti vimejaa, isipokuwa bwana harusi mwenyewe hayupo, na hakuna aliyeuliza.

Nikafungua zile chache zilizosema A2 imo. Zilikuwa zimetia EDTA, au zimezimua. Moja ilikuwa na mfululizo kamili: seramu bila kuzimuliwa, A2 inasoma chini ya 1,000, ikizimuliwa mara kumi inapanda hadi karibu 19,000. Unaongeza maji na namba inapanda. Ukiona hivyo, huna cha kubishana.

Kisha nikafungua faili ya maabara yangu, kwa kuwa namba yetu ya siri niliijua. A2 ilikuwa 710. Mstari wetu wa kuita kitu chanya ulikuwa 1,000. Mtaalamu wetu alikuwa ameandika hasi, na chini yake ilikuwapo saini yangu.

Ushahidi uliokuwa kwenye fomu nyingine

Kuna kitu cha pili, na ndicho kilichonikosesha usingizi. Seramu ile ile ilikuwa imetumwa pia kwenye seti ya krosimachi, ambapo maabara huchanganya seramu na chembe nyeupe hai za mtoaji na kuona kama kingamwili zinazishika. Mmoja wa watoaji wa seli alikuwa na A2 na hakuwa na hata moja kati ya zile antijeni nne ndugu za A2. Karibu maabara zote, yetu ikiwemo, zilijibu krosimachi ya seli T, aina mojawapo ya chembe nyeupe, kuwa chanya, tena chanya kali.

Maana yake, maabara zile zile zilizosema A2 haimo zilisema pia kwamba seramu hii inashambulia seli ambazo kitu pekee cha kushambuliwa juu yake ni A2. Majibu hayo mawili hayawezi kukaa chumba kimoja. Lakini yalikuwa yameandikwa kwenye fomu mbili, na watu wawili, siku mbili tofauti. Kwetu krosimachi ilifanyika meza ya kushoto na shanga meza ya kulia, nami nilisaini ya kwanza Jumanne na ya pili Alhamisi.

Kwa anayeuliza kama jambo hili ni la wanataaluma tu kuhangaika nalo: mwaka 1969 Ramon Patel na Paul Terasaki walichapisha matokeo ya watu 225 waliopandikizwa figo. Kati ya 30 waliokuwa na krosimachi chanya, figo za 24 zilikufa papo hapo. Kati ya 195 waliokuwa na krosimachi hasi, zilizokufa hivyo zilikuwa 8. Tangu hapo hakuna anayepandikiza figo bila kuuliza swali hilo. Siku hizi mara nyingi linaulizwa kwanza kwenye karatasi: tunaangalia orodha ya kingamwili za mgonjwa na antijeni za mtoaji, tunasema zinapatana au hazipatani, na figo inaanza safari kabla ya seli kuguswa. Njia hiyo imeokoa muda na imeokoa figo, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila inaiamini orodha. Orodha ikikosa A2, karatasi itasema njoo.

Simu kwa mwenyekiti

Sikusubiri kikao. Asubuhi nilimpigia mwenyekiti, mama aliyeifanya kazi hii tangu enzi ambazo kila kitu kilisomwa kwa darubini. Nikamwambia, "Mwenyekiti, sampuli namba nne tunaisahihisha vibaya. Na maabara yangu ni moja ya zilizokosea, mimi ndiye niliyesaini."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kila mmoja wetu ana maabara humo ndani. Wewe tofauti yako ni kwamba umeshajua. Utatueleza ulichokiona, tutakuuliza maswali, halafu utatoka kabla ya kura."

Hilo lilikuwa jepesi. Swali langu la pili lilikuwa zito zaidi. Nilikuwa nimejua, kupitia faili nilizofunguliwa kwa sharti la usiri, kwamba utaratibu wa maabara yangu una tundu. Ripoti ya mwisho ya mpango ingetoka baada ya wiki kadhaa. Katika wiki hizo tungeendelea kupima seramu za wagonjwa kwa utaratibu ule ule. Nikinyamaza, nimetunza kiapo na kuwaacha wagonjwa. Nikienda kuwaambia wenzangu, nimetumia kwa faida yangu kitu ambacho maabara nyingine hazina, na nimevunja nilichokisaini. Nilimuuliza nifanyeje.

Jibu lake nimelibeba hadi leo. Alisema, "Namba za wengine ni za kamati, hizo usiziguse. Kichupa kilichobaki kwenye friza yako ni chako, na siku ya kurudisha majibu imeshapita, kwa hiyo unaruhusiwa kukipima tena. Krosimachi yako ni yako. Na prozoni ni elimu ya kila mtu. Nenda nyumbani kwako ukafanye kazi yako. Kuhusu maabara nyingine, hilo niachie mimi, hatuwezi kukaa na jambo hili wiki sita."

Nimewahi kusikia wajumbe wapya wakisema usiri ni ukuta. Alivyoueleza yeye ni mstari unaopita kati ya kilicho chako na kisicho chako, na ukiutafuta kwa makini, mara nyingi wajibu wako kwa mgonjwa unakuta uko upande wako wa mstari. Si mara zote. Safari hii ulikuwa.

Kikao

Nilieleza nilichokiona, na hoja zilizofuata zilinifundisha zaidi ya kozi yoyote niliyowahi kulipiwa.

Mjumbe mmoja mzee, mtu ninayemheshimu sana, alisimama na kanuni. Asilimia 80 iliandikwa ili kamati isichague mshindi kwa kupenda. Tukiivunja leo kwa sababu tumeona sababu nzuri, kesho maabara iliyofeli itaandika barua kusema na yenyewe ina sababu nzuri. Halafu akaongeza hoja ya kiufundi ambayo si ya kupuuzwa: shanga mara nyingine hubeba antijeni zilizoharibika umbo, na kingamwili zinazozishika hazina madhara kwa mgonjwa. Tunajuaje kwamba zile chache hazikusoma taka?

Swali lilikuwa la haki, na jibu lilikuwa kwenye krosimachi. Seli hai hazibebi A2 iliyoharibika kwenye kiwanda cha shanga. Seramu ilizishika seli hai, na washiriki karibu wote walishuhudia.

Mjumbe mwingine, kijana, alitaka wengi ndio wafeli. Alisema kwa sauti ya juu kidogo kwamba mgonjwa hajui asilimia 80 ni kitu gani.

Aliyebadilisha mwelekeo wa mazungumzo, kwa jinsi nilivyoona, alikuwa mjumbe wa upande wa vipimo vya utambulisho, ambaye mgao wake haukuhusiana kabisa na seramu hii. Alitukumbusha kisa kilichochapishwa mwaka 2002 na madaktari wa Boston. Mwanamke mmoja alihitaji figo, familia ikapimwa HLA, na vipimo vikasema baadhi ya watoto aliowazaa mwenyewe si wake. Jibu la kawaida lilikuwa tayari: hawa si watoto wake, au sampuli zimechanganyika. Lakini waliompima hawakuridhika. Walichukua tishu kutoka sehemu nyingine za mwili wake, na wakakuta mwili wake umetokana na mayai mawili yaliyorutubishwa, yakaungana tumboni kabla hajazaliwa. Damu yake ilikuwa na seti moja ya vinasaba, sehemu nyingine za mwili zilikuwa na zote mbili. Watoto walikuwa wake. "Jibu lisilofanana na mengine," alisema, "tulisahihishe mwisho, baada ya kulielewa."

Kisha mwenyekiti akaniomba nitoke. Nilikata mawasiliano nikakaa kwenye kiti changu, kalamu mkononi. Sijui nani alipiga kura gani, na sikuuliza.

Uamuzi, na maoni yangu juu yake

Kamati iliamua kwamba kingamwili dhidi ya A2 kwenye sampuli namba nne isisahihishwe kwa mtu yeyote. Antijeni nyingine zote za seramu hiyo zisahihishwe kama kawaida. Ndani ya siku tatu barua fupi ilikwenda kwa wakuu wa maabara zote, wote kwa wakati mmoja, ikisema seramu hiyo ina dalili za prozoni, linganisheni majibu yenu ya shanga na ya krosimachi, pimeni tena. Na kanuni ikaongezwa kifungu: pale majibu ya kingamwili yanapopingana na ya krosimachi kwa seramu ile ile, mjumbe ayapitie kabla ya hesabu ya asilimia kuguswa.

Yule kijana hakufurahi. Nimeifikiria hoja yake mara nyingi, na sehemu ya moyo wangu ilikuwa naye, kwa kuwa sisi tulistahili kufeli. Tulikuwa na krosimachi mkononi. Lakini kuna jambo ambalo mtu haoni mpaka akae ndani ya kamati. Faili za mng'ao, zile zilizotuwezesha kugundua, maabara zilikuwa zinazipakia kwa hiari. Fomu ilidai jibu la mwisho tu: chanya au hasi. Tungezifelisha maabara nyingi kwa kanuni mpya, kwa ushahidi ambao zenyewe zilitupa bila kulazimishwa, awamu inayofuata tungepokea chanya na hasi na basi. Prozoni ingeendelea kuwapo, ila hakuna ambaye angeiona. Na daraja la kufeli si neno tu. Linakwenda kwa wanaotoa ithibati, linaweza kusimamisha huduma. Huwezi kumfanyia mtu hivyo kwa sheria uliyoitunga baada ya yeye kujibu.

Kwa hiyo nakubaliana na uamuzi. Nakubali pia kwamba kuna walioonewa, na nitafika kwao.

Kwenye meza yetu

Alasiri ile niliyozungumza na mwenyekiti nilitoa kichupa namba nne kwenye friza, nikamwomba mtaalamu wetu wa zamu akipime upande kwa upande, bila EDTA na kwa EDTA. Sikumwambia chochote kuhusu wengine. Nilimwonyesha fomu zetu mbili, ya Jumanne na ya Alhamisi, nikaziweka pamoja mezani. Alizitazama muda mrefu.

Mashine ilipomaliza aliniita. "Dokta, nadhani kuna hitilafu." Bila EDTA, A2 ilisoma 700 na kitu. Kwa EDTA, zaidi ya 22,000. Alitaka kurudia kwa pipeti nyingine akidhani amekosea kipimo, nami nikamwacha arudie, kwa sababu kuna mambo mtu huamini akiyaona kwa mikono yake. Akarudia, akazimua mara kumi juu yake. Ikabaki juu. Akakaa kwenye kiti na kuuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu usiku ule: "Wagonjwa wetu je?"

Tulitumia siku nne kupitia faili za wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri figo, tukitafuta sura ile ile: ukoo umejaa, mwenyewe hayupo. Zilikuwa faili nyingi, na macho yanachoka, kwa hiyo tulizisoma wawili wawili, mmoja akisoma namba kwa sauti na mwingine akiweka alama. Tulipata seramu mbili za kutilia shaka. Tukazipima kwa EDTA. Moja haikubadilika. Ya pili ilipanda kutoka mia tisa na kitu hadi elfu kumi na saba.

Mgonjwa mwenye seramu hiyo alikuwa amesubiri zaidi ya miaka miwili. Kwenye orodha yake ya antijeni zisizokubalika, A2 haikuwapo. Mtoaji yeyote mwenye A2 angeonekana anamfaa. Niliandika A2 kwenye orodha yake mchana ule ule na kumpigia daktari wake wa upandikizaji, ambaye alisikiliza hadi mwisho na kusema tu, "Nitumie kwa maandishi." Nilimtumia, pamoja na maelezo ya jinsi tulivyokosa, kwa jina langu.

Siku hizi seramu zote kwetu zinapita kwenye EDTA kabla ya shanga, na mtu anayesaini shanga ndiye anayesaini krosimachi, fomu zote mbili zikiwa mbele yake.

Barua ya wachache

Miezi miwili baadaye, baada ya ripoti ya mwisho kutoka, mratibu wa mpango alituletea barua kutoka kwa moja ya zile maabara chache, jina limefichwa kama kawaida. Ilikuwa fupi na ya heshima. Walisema walifanya kazi sahihi, walitia EDTA, walizimua, na kwenye cheti chao jibu lao la A2 limeandikwa "haikusahihishwa", neno lile lile waliloandikiwa waliokosea.

Hatukuwa na la kuwajibu kwa upande wa daraja. Mwenyekiti aliandika hivyo bila kuzunguka, kwamba wana haki ya kuhisi hivyo na kwamba kamati haitabadilisha alama. Lakini aliwauliza, kupitia mratibu, kama wangekubali kutoa utaratibu wao wa kuandaa seramu ili usambazwe kwa washiriki wote. Walikubali ndani ya wiki. Kurasa mbili, zimeandikwa kwa mkono wa mtu anayejua kwamba atakayezisoma amechoka: kiasi cha EDTA, dakika za kusubiri, nini cha kutazama mng'ao ukikuchanganya.

Nakala yake imebandikwa ukutani juu ya mashine yetu. Pembe moja imeanza kukunjika. Mahali pa jina la maabara pameachwa wazi.